Namna ya Kuzifanya Nyuzi Zifuatane katika Kazi za Usiku za Programu ya Wavuti

Programu ya wavuti ya chama cha akiba na mikopo huonekana imepumzika usiku, lakini kazi zake nzito hufanyika saa hizo. Wanachama wakishalala, seva huvuta orodha ya marejesho yaliyolipwa kwa simu kutwa nzima na kuyaingiza katika akaunti za mikopo, hukokotoa faini za waliopitisha tarehe, huandaa taarifa ya meneja, na mwisho humtumia kila mwanachama SMS ya salio lake. Hizo ni hatua nne ambazo mpangilio wake haupinduliki. Mwanachama aliyelipa kwa simu saa tatu usiku, katika siku yake ya mwisho ya kulipa, amelipa kwa wakati. Lakini hatua ya faini ikianza kabla hatua ya kuingiza malipo haijakwisha, mfumo utamwona bado anadaiwa, utamtoza faini, na alfajiri ataamshwa na ujumbe wa kumwarifu hivyo. Saa mbili asubuhi afisa mikopo atakuta foleni mlangoni, na kila aliye kwenye foleni ameshika simu yenye ujumbe wa kuthibitisha kwamba alilipa.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuhakikisha kwamba hatua za aina hiyo zinafuatana hata pale ambapo ndani ya hatua moja kuna nyuzi kadhaa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Mifano ni ya lugha ya Java na Spring Boot, mfumo wa kuundia programu za Java, pamoja na kanzidata ya PostgreSQL. Uzi hapa ni mkondo mmoja wa utekelezaji ndani ya programu, ule ambao Java huuwakilisha kwa klasi ya `Thread`.

Saa haipangi mfuatano

Njia inayowajia wengi kwanza ni kuzigawa hatua kwa saa: malipo yaanze saa nane kamili usiku, faini saa nane na dakika ishirini, taarifa saa tisa kasorobo, ujumbe saa tisa kamili. Kila hatua hupewa anotesheni yake ya `@Scheduled`, yaani alama ndani ya msimbo inayoiambia Spring iiendeshe lini, na kwa miezi kadhaa hakuna anayelalamika. Kasoro ya mpango huo ni kwamba dakika ishirini ni makisio tu. Mwisho wa mwezi, mishahara ikishatoka, faili ya malipo huwa kubwa kuliko ya siku za kawaida, na mtandao wa upande wa pili unaweza kuwa mzito usiku huohuo. Hatua ya pili haina habari yoyote kuhusu hatua ya kwanza. Inachokijua ni saa tu.

Kinachofanya kosa hili lichelewe kugundulika ni tabia ya Spring yenyewe. Katika Spring Boot, kipanga ratiba huanza na uzi mmoja tu, kwa sababu thamani ya awali ya `spring.task.scheduling.pool.size` ni 1. Maana yake ni kwamba hata hatua ya kwanza ikichukua saa nzima, hatua ya pili haitaanza, kwani uzi pekee uliopo bado umeshikwa. Mfuatano unakuwepo, ila haukupangwa na mtu. Umetokea kwa bahati ya mpangilio wa awali. Kisha siku moja mtu mwingine katika timu anagundua kwamba kazi yake ndogo ya kila dakika inacheleweshwa usiku, anaongeza ukubwa wa kundi la nyuzi hadi 5, kazi yake inatengemaa, na usiku huohuo faini zinaanza kukokotolewa sambamba na malipo. Mabadiliko yalifanyika katika mstari mmoja wa faili ya usanidi, mbali kabisa na msimbo wa faini, kwa hiyo anayetafuta chanzo cha tatizo hatatazama huko kwanza.

Jambo kama hilo linaweza kutokea pia kwa anayehamia nyuzi pepe (virtual threads) zilizokamilishwa katika Java 21. Tangu Spring Boot 3.2, ukiwasha `spring.threads.virtual.enabled` ukiwa unatumia Java 21 au zaidi, kipanga ratiba hubadilika kuwa cha aina nyingine ambacho hakijali ukubwa wa kundi, na kazi za cron, yaani zilizopangiwa saa maalumu, huendeshwa kila moja katika uzi wake mpya. Mfuatano uliotokana na uzi mmoja hutoweka siku hiyohiyo.

Hata tukisema uzi utabaki mmoja daima, bado mgawanyo wa saa hautoshi. Hatua ya kwanza ikianguka kwa hitilafu, Spring itaiandika hitilafu hiyo kwenye logi, na saa ya hatua ya pili ikifika itaiendesha kama kawaida. Faini zitatozwa juu ya malipo ambayo hayakuingia kabisa, jambo ambalo ni baya kuliko malipo yaliyoingia nusu. Mfuatano tunaoutaka ni huu: hatua ya pili ianze pale tu ambapo ya kwanza imekwisha na imefaulu. Sharti hilo ratiba haiwezi kulieleza. Msimbo ndio unaoweza.

Anza na uzi mmoja

Kabla ya kufikiria nyuzi nyingi, andika kazi moja tu iliyopangiwa muda, na ndani yake uziite hatua zote kwa zamu.

```java
@Scheduled(cron = "0 0 2 * * *", zone = "Africa/Dar_es_Salaam")
public void endesha() throws Exception {
    LocalDate siku = LocalDate.now(EAT).minusDays(1);
    malipo.ingiza(siku);
    faini.kokotoa(siku);
    taarifa.andaa(siku);
    ujumbe.tuma(siku);
}
```

Hapa `EAT` ni `ZoneId` ya Dar es Salaam iliyotangazwa juu ya klasi. Msimbo huu mfupi unatimiza sharti letu lote. `faini.kokotoa` haiwezi kuanza kabla `malipo.ingiza` haijarudi, na `malipo.ingiza` ikirusha hitilafu, mistari iliyo chini yake haifikiwi. Spring itaandika hitilafu hiyo kwenye logi, na ratiba ya kesho itabaki palepale. Anayetumia `ScheduledExecutorService` ya Java bila Spring na kuirudia kazi kwa `scheduleAtFixedRate` ajihadhari, kwa sababu humo hitilafu moja isiyokamatwa huzima marudio yote yanayofuata, tena kimyakimya. Ni lazima kazi nzima izungushiwe `try` na `catch`.

Usiache `zone`. Seva nyingi za kukodi huwekwa katika saa za UTC, na Afrika Mashariki iko saa tatu mbele. Bila `zone`, namba 2 iliyo kwenye cron inakuwa saa kumi na moja alfajiri kwetu, na SMS zinaanza kutoka watu wakiwa wanakwenda kazini huku hesabu zikiwa bado zinaendelea. Cron ya Spring ina sehemu sita na ya kwanza ni ya sekunde, tofauti na cron ya Linux yenye sehemu tano. Anayenakili kutoka huku kwenda kule huwa anajikwaa hapo.

Jambo jingine la kuzingatia ni tarehe. Imesomwa mara moja juu, kisha ikapitishwa kwa kila hatua. Kama kila hatua ingejiulizia yenyewe leo ni tarehe ngapi, basi siku utakapoiendesha kazi ya jana mchana wa saa sita kwa sababu usiku ilikwama, hatua zingekokotoa siku isiyo yake.

Hatua hizo nne ziwe katika klasi nne tofauti zinazosimamiwa na Spring. Ukiziweka kama vitendakazi vya klasi hiyohiyo na kuviwekea `@Transactional`, wito wa ndani kwa ndani hautapita kwenye proksi ya Spring, yaani kitu cha kati kinachozitekeleza alama hizo, na muamala wa kanzidata (maandishi yanayoingia yote au yasiingie kabisa) uliodhani umeufungua hautafunguliwa. Hilo linahusu pia `@Async`, ambayo kwa kazi hii ningeipiga marufuku kabisa. Ukiiweka juu ya `ingiza`, wito unarudi papo hapo huku kazi yenyewe ikiwa ndiyo kwanza imepangwa kwenye uzi mwingine, na mstari wa faini unaanza mara moja. Kama kitendakazi hicho kinarudisha `void`, hitilafu yake haitamfikia aliyekiita.

Chama chenye wanachama elfu mbili hakihitaji zaidi ya hapo. Kama kazi nzima inakwisha kabla ya saa kumi usiku, mfuatano wa uzi mmoja ndio ulio bora, kwa kuwa mtu yeyote atakayeusoma ataelewa kinachotangulia na kinachofuata bila kuchora mchoro.

Nyuzi nyingi ndani ya hatua, lango moja kati ya hatua

Haja ya nyuzi nyingi huja pale ambapo hatua moja inatumia muda wake mwingi kusubiri. Hatua ya malipo ni mfano mzuri: marejesho yanatoka kwenye kampuni mbili za simu na benki moja, na kila chanzo kinajibu kwa mwendo wake. Kuvisubiri kimoja baada ya kingine ni kupoteza muda, kwa kuwa kichakataji cha seva kiko bure wakati wote huo. Hapo inafaa vyanzo vyote vitatu vivutwe kwa pamoja, kila kimoja kwa uzi wake, kisha tusubiri vyote vikamilike ndipo lango la hatua ya pili lifunguliwe.

Kwa hilo `ExecutorService` ina kitendakazi cha `invokeAll`, ambacho hupokea orodha ya kazi, huzigawa kwa nyuzi zilizopo, na hakirudi mpaka zote zimekwisha au muda uliowekwa umepita.

```java
public void ingiza(LocalDate siku) throws Exception {
    List<Callable<Integer>> kazi = new ArrayList<>();
    for (Chanzo chanzo : vyanzo) {
        kazi.add(() -> chanzo.vutaNaIngiza(siku));
    }
    List<Future<Integer>> majibu =
            nyuzi.invokeAll(kazi, 20, TimeUnit.MINUTES);
    int jumla = 0;
    for (Future<Integer> jibu : majibu) {
        jumla += jibu.get();
    }
    logi.info("Malipo {} yameingizwa, siku {}", jumla, siku);
}
```

Kitanzi cha mwisho kinaonekana kama cha kuhesabu tu, na ndiyo maana huwa kinafutwa na mtu anayedhani anapunguza msimbo. Kazi yake kubwa ni nyingine. `invokeAll` hairushi hitilafu kwa sababu kazi mojawapo imeanguka. Kwake, kazi iliyoanguka nayo imekwisha. Hitilafu imefungiwa ndani ya `Future`, kile kinachoshikilia jibu la kazi, na haitoki mpaka uite `get`. Bila kitanzi hicho, benki inaweza kukataa kujibu kabisa, hatua ikarudi kama iliyofaulu, na faini zikawaangukia wote waliolipia benki. Ukiita `get`, hitilafu hupanda juu, `endesha` husimama, na lango hubaki limefungwa. Faida nyingine ya `get` ni kwamba kanuni za kumbukumbu za Java zinahakikisha kila kilichoandikwa na uzi uliomaliza kinaonekana kwa uzi uliosubiri, kwa hiyo huhitaji mbinu nyingine ya kupitisha matokeo.

Kuhusu ukomo wa dakika 20, kuna jambo la kuelewa vizuri. Muda ukipita, kazi ambazo hazijakwisha hufutwa, na `get` ya kazi iliyofutwa hurusha `CancellationException`, hivyo hatua ya pili haitaanza. Lakini kufutwa maana yake ni uzi kupelekewa ishara ya kukatizwa, na uzi wa kawaida uliokwama ukisoma soketi hausikii ishara hiyo. `Future` itasema kazi imekwisha ilhali uzi bado unasubiri baiti kutoka upande wa pili, na baiti zikifika baada ya nusu saa, uzi huo utaendelea kuandika kwenye kanzidata. Kwa hiyo kila muunganisho wa mtandao uwekewe ukomo wake wa kusoma, mfupi kuliko ule wa hatua nzima.

Kundi la nyuzi lenyewe litengenezwe mara moja, liwe la kazi za usiku tu, na lipewe jina:

```java
@Bean
ExecutorService nyuzi() {
    return Executors.newFixedThreadPool(
            4, new CustomizableThreadFactory("usiku-"));
}
```

Kwa nini 4 na si 40? Kila uzi unaoandika kwenye kanzidata unashika muunganisho mmoja, na HikariCP, maktaba ya kutunza miunganisho ya kanzidata ambayo Spring Boot huitumia bila kuambiwa, ina miunganisho 10 tu kwa mpangilio wa awali. Nyuzi 40 zingegombania miunganisho hiyo 10, na wale wanaochungulia salio zao usiku wangesubiri hadi sekunde 30 kisha wakapewa ukurasa wa hitilafu. Idadi ya nyuzi za usiku ibaki chini ya idadi ya miunganisho, ili miunganisho ya kutosha ibaki kwa ajili ya watumiaji.

Ipo mitego miwili inayohusu makundi haya. Wa kwanza ni kuzipeleka hatua zenyewe kwenye kundi lilelile linalobeba kazi ndogo za ndani yake. Tuseme kundi lina nyuzi nne na umelipelekea hatua nne, kila moja ikisubiri vipande vyake ambavyo navyo viko kwenye foleni ya kundi hilohilo: nyuzi zote zimeshikwa na wanaosubiri, vipande havina uzi wa kuviendesha, na programu inakwama hadi asubuhi bila hitilafu hata moja kwenye logi. Katika mpangilio wetu hilo halitokei, kwa kuwa hatua zinaendeshwa na uzi wa ratiba na vipande pekee ndivyo vinavyokwenda kwenye kundi la `usiku-`. Uache hivyo. Mtego wa pili ni muamala. Spring huufunga muamala wa kanzidata kwenye uzi ulioufungua, kwa hiyo `@Transactional` uliyoiweka juu ya `ingiza` haivihusu vipande vyake vinavyoendeshwa na nyuzi nyingine. Kila kipande kitafungua na kufunga muamala wake, na kimoja kikianguka, vilivyotangulia havitarudishwa nyuma. Hakuna njia nyepesi ya kulikwepa hilo. Kinachofaa ni kuifanya kila kazi iweze kurudiwa bila madhara, na nitalieleza hilo hapa chini.

Wengi hupendelea `CompletableFuture`, iliyokuja na Java 8, kwa sababu minyororo yake ya `thenRun` na `thenCompose` inasomeka vizuri. Haina ubaya, ila kwa kazi za usiku naona inaongeza nafasi za kukosea. Usipoipa kundi lako, `supplyAsync` hutumia kundi la pamoja la programu nzima. Na ukisahau kuweka `join` mwishoni, `endesha` hurudi papo hapo, Spring hudhani kazi imekwisha, na kufuli lolote ulilolishika ili kazi isianzishwe mara mbili hufunguliwa huku nyuzi zikiwa bado zinakimbia. Pia `orTimeout` yake huikamilisha `CompletableFuture` kwa hitilafu bila kuisimamisha kazi yenyewe. Uzi mmoja unaosubiri saa nane usiku haumgharimu mtu kitu, kwa hiyo sioni sababu ya kuukwepa usubirifu huo.

`Executors.newSingleThreadExecutor` nayo ina mahali pake. Inahakikisha kazi zinaendeshwa moja moja kwa mpangilio wa kuwasilishwa, na inafaa pale ambapo msimamizi ana kitufe cha kufunga siku upya kwenye ukurasa wake na hutaki kitufe hicho kigongane na ratiba: vyote viwili viwasilishe kazi kwenye foleni hiyo moja. Kumbuka tu kwamba foleni hiyo haijali kama kazi iliyotangulia ilifaulu, na kwamba iko kwenye kumbukumbu ya seva. Seva ikizimwa, inapotea.

Daftari la hatua

Mpaka hapa mfuatano wetu unaishi ndani ya programu inayoendelea. Umeme ukikatika katikati ya hatua ya pili, au mtu akiwasha toleo jipya saa nane na nusu usiku, hakuna kinachokumbuka tulipofikia. Kwa hiyo hatua ziandikwe kwenye kanzidata.

```sql
CREATE TABLE hatua_za_usiku (
    siku     date NOT NULL,
    hatua    text NOT NULL,
    ilianza  timestamptz NOT NULL,
    iliisha  timestamptz,
    PRIMARY KEY (siku, hatua)
);
```

Kisha kila hatua ipitie mlango mmoja:

```java
private void pitia(LocalDate siku, String hatua, Kazi kazi)
        throws Exception {
    if (daftari.imekamilika(siku, hatua)) {
        return;
    }
    daftari.anza(siku, hatua);
    kazi.fanya();
    daftari.kamilisha(siku, hatua);
}
```

`Kazi` ni kiolesura kidogo chenye kitendakazi kimoja kinachoruhusiwa kurusha hitilafu, na `anza` iandikwe kwa namna inayokubali kukuta rekodi ya jaribio lililokwama. Ndani ya `endesha`, mistari minne ya awali inageuka kuwa `pitia(siku, "malipo", () -> malipo.ingiza(siku))` na kuendelea. Kazi ikirudiwa, hatua zilizokamilika zinarukwa na ile iliyokatikia njiani inaanza upya.

Kuanza upya ndiko kunakodai uangalifu niliousema. Hatua iliyokatika inaweza kuwa imeandika nusu ya rekodi zake, na haitakiwi kuziandika mara ya pili. Kwa malipo, namba ya muamala inayotolewa na kampuni ya simu iwekewe sharti la kutojirudia pamoja na jina la chanzo, na uingizaji utumie `INSERT ... ON CONFLICT DO NOTHING`, inayopatikana tangu PostgreSQL 9.5. Salio la mkopo lipunguzwe ndani ya muamala huohuo wa kanzidata, na pale tu ambapo rekodi imeingia kweli. Kwa faini, sharti la kutojirudia liwe juu ya mkopo na siku. SMS ni ngumu zaidi, kwa sababu ujumbe ukishatoka haurudi: seva ikizimika baada ya kutuma na kabla ya kuandika kwamba imetuma, kazi ikirudiwa mwanachama atapokea ujumbe mara mbili, na ukiandika kabla ya kutuma, kuna atakayekosa. Chagua kosa unaloweza kulivumilia. Kwa ujumbe wa salio ningeruhusu kujirudia. Kwa ujumbe wa kumtaka mtu alipe, ningekubali akose.

Daftari hili linafungua pia uwezekano wa kulinda mfuatano kati ya usiku na usiku, jambo ambalo miongozo mingi hulisahau. Kama kazi ya Ijumaa ilikwama na hakuna aliyeigusa, kazi ya Jumamosi haipaswi kuendelea kana kwamba Ijumaa haikuwepo. Badala ya kuchukua jana tu, `endesha` itafute siku ya mwisho ambayo hatua zake zote zimekamilika, kisha izifunge siku zilizobaki moja baada ya nyingine hadi kufikia jana, na isimame palipo na hitilafu.

Programu ikiwa kwenye seva mbili

Programu ikiwekwa kwenye seva mbili ili moja ikizimika nyingine ibebe, kila seva ina ratiba yake, na zote mbili zitaamka saa nane kamili. Hakuna mbinu ya nyuzi ndani ya Java inayoweza kuzuia hilo, kwa kuwa kila seva ina Java yake. Kufuli liwe mahali ambapo seva zote mbili zinapaona, yaani kwenye kanzidata.

Maktaba ya ShedLock inafanya hivyo kwa anotesheni moja, `@SchedulerLock(name = "kufungaSiku", lockAtMostFor = "3h", lockAtLeastFor = "5m")`. Seva inayokuta kufuli limeshikwa haisubiri. Inairuka zamu hiyo, na hicho ndicho tunachotaka. Thamani ya `lockAtMostFor` iwe ndefu kuliko usiku mbaya kabisa unaoweza kuufikiria, kwa sababu muda huo ukipita kufuli huhesabiwa kuwa wazi hata kama aliyelishika bado anafanya kazi.

Anayependelea kutoongeza maktaba anaweza kutumia `pg_try_advisory_lock` ya PostgreSQL. Uzuri wake ni kwamba seva iliyolishika ikizimika ghafla na muunganisho wake ukakatika, kufuli linafunguka lenyewe. Ugumu wake ni kwamba kufuli hilo ni mali ya muunganisho uliolichukua: ukilichukua kwa muunganisho mmoja kutoka HikariCP, ukaurudisha, kisha ukajaribu kulifungua kwa mwingine, halitafunguka. Ushike muunganisho huohuo tangu mwanzo hadi mwisho wa kazi.

Wanaotumia lugha nyingine watakuta vifaa vya kufanana. Kwa Python, Celery ina `chain` kwa kazi zinazofuatana na `chord` kwa kundi la kazi sambamba linalofuatwa na kazi moja baada ya zote kukamilika. Kwa PHP, Laravel ina `Bus::chain`, ambamo kazi moja ikianguka zinazofuata haziendeshwi, na `withoutOverlapping` kwa upande wa ratiba. Wenye programu za .NET ndani ya IIS, seva ya wavuti ya Microsoft, wakumbuke kwamba IIS, kwa mpangilio wake wa awali, huilaza programu isiyopata mgeni kwa dakika 20, na ratiba iliyo ndani yake hulala nayo.

Kujaribu mfuatano kabla ya kuutegemea

Mfuatano ulioonekana kufanya kazi kwenye data kidogo haujathibitishwa. Katika mazingira ya majaribio, weka `Thread.sleep` ya dakika mbili ndani ya chanzo kimoja cha malipo, kisha soma logi. Majina ya nyuzi tuliyoyaweka ndiyo yatakayokusaidia:

```
02:00:00.014 [scheduling-1] Hatua malipo imeanza
02:00:00.051 [usiku-1] Chanzo A kinavutwa
02:00:00.052 [usiku-2] Chanzo B kinavutwa
02:00:00.052 [usiku-3] Chanzo C kinavutwa
02:00:07.480 [usiku-1] Chanzo A kimekwisha
02:00:09.113 [usiku-2] Chanzo B kimekwisha
02:02:03.690 [usiku-3] Chanzo C kimekwisha
02:02:03.702 [scheduling-1] Hatua faini imeanza
```

Mstari wa faini usitangulie mstari wowote wa `usiku-`. Ongeza `spring.task.scheduling.pool.size` hadi 5 na urudie, matokeo yasibadilike. Kisha badili usingizi huo uwe hitilafu, na uhakikishe kwamba neno faini halionekani popote kwenye logi ya usiku huo, na kwamba kuna mtu aliyepata taarifa ya hitilafu kwa barua pepe au kwa njia nyingine mnayoitumia, kwa sababu lango lililofungwa bila mtu kujua litawaacha wanachama bila taarifa asubuhi.

Jaribio la mwisho ni kuiua programu ghafla kwa amri ya `kill -9` wakati hatua ya faini inaendelea, kisha kuiwasha na kuiendesha kazi upya. Kwenye `hatua_za_usiku`, rekodi ya malipo ibaki na saa zake za mwanzo bila kuguswa, rekodi ya faini ipate saa mpya, na ukihesabu faini kwa kila mkopo kwa siku hiyo, hesabu isizidi moja.